Vetiva, mabingobingo, mianzi au miti: upande nini ukingoni mwa mto kwenye mabonde ya Dar

Masika yakikaribia, vikundi vya wakulima wa mboga kwenye mabonde ya Dar es Salaam huanza kuulizana: mwaka huu ukingo tuushike na nini? Swali hili halisubiri. Mvua za Machi zikishakolea, kilichoshika kimeshika, na ambacho hakijashika kinakwenda baharini pamoja na matuta ya mchicha. Nimeviweka hapa pamoja vitu vinne ambavyo watu wa Dar wanaweza kuvipata bila kuagiza mbali: vetiva, yaani nyasi ndefu ya mizizi mirefu, mabingobingo ya kulishia ng'ombe, mianzi na miti ya asili, nikavilinganisha swali kwa swali, ili kikundi, kamati ya mtaa au mwenye eneo aamue kabla Februari haijaisha.

Niseme mapema ninaposimama. Ukanda wa mimea ukingoni usiompa mkulima kitu cha kuvuna haumalizi misimu miwili. Utalimwa. Mtu anayeishi kwa matuta machache ya matembele, ukimwambia aache mawili yaote majani kwa ajili ya mto, umemwomba hasara ya kila wiki, na hana pa kuifidia. Simlaumu akilichukua jembe lake. Kwa hiyo kila mmea hapa chini nimeupima kwa mambo mawili: unashika udongo kiasi gani, na unamwachia nini yule anayeulinda.

Angalia ukingo kabla ya mmea

Mito ya Dar ni mifupi lakini haifanani. Msimbazi unaanzia kwenye vilima vya Pugu, Kisarawe, unapita katikati ya jiji na kuingia baharini karibu na daraja la Salenda. Kizinga na Mzinga ziko upande wa Temeke. Kaskazini kuna Mbezi, Tegeta na Mpiji. Kwenye mito hii ya kaskazini, sehemu nyingi ukingo umesimama wima kwa sababu mchanga unachimbwa ndani ya mto: sakafu ya mto inazama, ukingo unabaki unaning'inia, kisha unaanguka kipande kizima. Msimbazi wa chini na sehemu za Kizinga ni kinyume chake. Ukingo ni mfupi, umelowa, na maji huupanda kila mvua kubwa. Bustani nyingi ziko kwenye hali ya tatu, mteremko wa wastani wenye udongo wa kufinyangika na mchanga.

Halafu angalia njia ya kuchotea maji, kwa sababu hapo ndipo ukingo unapoanzia kufa. Mkulima anashuka na keni mbili za kumwagilia, anazizamisha, anapanda nazo zimejaa zinamwagika kidogo kidogo. Njia ileile asubuhi na jioni, mwaka mzima. Majani yanakwisha, udongo unakuwa mgumu na unateleza, mvua ya kwanza inaigeuza njia kuwa mfereji, na baada ya misimu michache kuna bonde dogo pale palipokuwa na kinjia. Nimeona ukanda mzuri kabisa wa vetiva uliokuwa na pengo la hatua tatu tu, na maji yote ya bustani yalikuwa yanapita kwenye pengo hilo, tope, mbolea na vyote. Kabla hamjanunua mche hata mmoja, kubalianeni mahali pamoja pa kuchotea, jengeni ngazi ya viroba vilivyojazwa mchanga, njia nyingine zote zifungwe. Kazi hiyo ni ya siku moja ya kikundi na inaokoa udongo kuliko mche wowote nitakaoutaja.

Kushika udongo

Hapa vetiva inaongoza na wengine wanafuata kwa mbali. Mizizi yake haisambai pembeni, inashuka chini moja kwa moja, mita 3 hadi 4 ikikomaa. Inavumilia kuzama kwa wiki nyingi, inavumilia kiangazi, na tope likiifunika inachipua juu ya lile tope. Aina inayopandwa kwa kazi hii haizai mbegu za kuota, kwa hiyo haitakuvamia bustani. Udhaifu wake ni kivuli, haipendi kabisa, na namna watu wanavyoipanda. Vetiva hufanya kazi ikiwa mstari uliofungana, sentimita 10 hadi 15 kati ya shina na shina, ukikata mteremko. Kwa sentimita 15, mstari wa mita 100 unataka mashina kama 670. Wengi wakiisikia hesabu hiyo wanapanda kila nusu mita ili kubana matumizi. Matokeo yake ni vichaka vilivyotawanyika na maji yanayokimbia katikati yake kwa kasi zaidi kuliko mwanzo. Kama mashina hayatoshi, panda mstari mfupi uliofungana mahali pabaya zaidi, kisha mwaka unaofuata gawanya mashina yale yale mwendelee.

Mabingobingo yanaota haraka kuliko vyote. Pingili zikizikwa mvua zinapoanza, baada ya miezi miwili au mitatu ukingo umefunikwa. Mizizi ni mingi ila haishuki kama ya vetiva. Kwenye mteremko wa wastani inatosha. Kwenye ukingo wima haitoshi. Mafuriko makubwa huyalaza, na vipande vinavyokatika husafiri na mto na kuota kwa jirani, au vinaingia kwenye matuta yako ukabaki kuving'oa. Yapande mstari mmoja au miwili, si shamba zima, na uyawekee mpaka.

Mianzi inapendwa sana na watu wa miradi, na picha zake zinavutia. Mizizi yake inatengeneza wavu mnene lakini wa juu juu. Ukingo ukiliwa kwa chini, kichaka chote kinaanguka mtoni na udongo wake, kisha kinakwenda kuziba kalavati la barabara huko mbele, na mtaa mzima unajaa maji. Mahali pake ni juu ya ukingo, mita 3 au zaidi nyuma ya mdomo wenyewe, kamwe si kwenye mdomo.

Miti ya asili inaanza polepole lakini ikishakua inafanya ambayo majani hayawezi: inaufunga ukingo kwa kina, inaupa mto kivuli ili maji yasichemke na jua, inadondosha majani ambayo wadudu wa majini wanakula na perege na kambare wanakula wadudu hao, inarudisha ndege. Mkuyu na mkangazi ni miti ya mitoni kwa asili yake. Mzambarau umezoeleka na unavumilia unyevu. Mvule uupande juu, pasipotuama maji. Mikaratusi isikaribie mto hata kwa zawadi, inakunywa maji mno na haiachi kitu kingine kiote chini yake.

Na matete? Hayamo kwenye orodha yangu kwa sababu hakuna anayehitaji kuyapanda. Yapo tayari kwenye sehemu zote zenye unyevu, na mara nyingi ndiyo ya kwanza kufyekwa ili matuta yaongezeke. Yaacheni. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameyatumia kwa miaka mingi kwenye mabwawa ya kusafisha majitaka, kwa sababu mizizi yake inakaa kwenye tope lisilo na hewa na bado inafanya kazi. Mkulima anayefyeka matete ili kupanda mche wa mradi amebadilisha kilichokuwa kinamsaidia bure kwa kile ambacho atatakiwa kukihudumia.

Kipato

Mabingobingo ndiyo yanayolipa mapema. Pembezoni mwa jiji kuna watu wengi wanaofuga ng'ombe wa maziwa nyumbani, na majani ya kulisha ni shida yao ya kila siku, hasa kuanzia Agosti. Unakata kila wiki sita hadi nane, ukiacha kisiki cha kama sentimita 10 juu ya ardhi, na mteja anakuja na toroli au bodaboda kuchukua mzigo. Mkulima anayepata hela ya majani kila mwezi hahitaji kuhimizwa alinde ukingo. Jambo moja tu: msikate ukanda wote kwa mkupuo mwezi Machi. Kateni kipande kipande ili mvua isiukute ukingo mtupu.

Vetiva haina soko la chakula cha mifugo, ng'ombe huila ikiwa changa tu. Faida yake ni matandazo. Majani yakikatwa na kutandazwa kati ya mistari ya nyanya au bilinganya, udongo unakaa na unyevu na idadi ya keni unazobeba inapungua, jambo ambalo mgongo unalijua. Faida ya pili ni mashina yenyewe. Kikundi kikishakuwa na kitalu kinaweza kuviuzia vikundi vingine na watu wenye viwanja vya mteremko huko Goba, Salasala na Kimara.

Mianzi inadai uvumilivu wa miaka mitatu minne kabla ya kukata fito za maana, halafu inalipa vizuri: uzio, mabanda, matenga ya kuku, miti ya kusimamishia maharage. Miti ya asili kwa upande wa fedha ni ya watoto wako, isipokuwa mzambarau, ambao ukikua unauza zambarau msimu wake kila mwaka.

Kuna tahadhari ambayo siwezi kuipita. Tangu miaka ya 1990 tafiti zilizofanywa kwenye mboga za pembezoni mwa Msimbazi na Sinza zimekuta madini mazito kama risasi na kadimiamu. Kama mto wako unapita chini ya viwanda au gereji kabla ya kukufikia, mimi nisingeuza majani ya ukingo huo kulishia ng'ombe wa maziwa mpaka maji na udongo vipimwe. Hapo vetiva inarudi kuwa bora, kwa sababu inastahimili madini hayo na hakuna mtu anayeila.

Ardhi ni ya nani

Hili ndilo linaloamua kuliko sifa zote za mizizi, na wanaokuja na miche kwenye magari huwa hawaliulizi.

Wakulima wengi wa mabondeni hawamiliki wanapolima. Wengine wamekodi, wengine wamepewa kwa hisani, wengine wako kwenye hifadhi ya mto au chini ya nyaya za umeme. Kwa desturi yetu, mwenye mti ana neno kwenye ardhi. Mpangaji akipanda mkangazi, mwenye eneo anaona anataka kumpokonya, na msimu unaofuata anaweza kumtoa. Mkulima anajua hivyo, ndiyo maana miche ya miti inayogawiwa bure mara nyingi inakauka ikiwa kwenye viriba vyake nyuma ya kibanda. Si uvivu, anailinda riziki yake.

Majani hayaleti ugomvi huo. Vetiva na mabingobingo mpangaji anaweza kupanda leo bila kumtisha mtu. Mianzi iko katikati. Waulize wazee wa mtaa wanavyoichukulia. Kama mnataka miti, mwiteni mwenye eneo na mwenyekiti wa serikali ya mtaa, andikeni karatasi moja kwamba miti ni ya ukingo, haimpi aliyeipanda haki ya ardhi wala haimwondolei haki ya kuvuna matunda, kila mmoja asaini. Miche ikiwa imesindikizwa na karatasi hiyo huwa inakua.

Kuhusu sheria: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 zote zinaweka mita 60 kutoka kingo za mto kama eneo la kulindwa dhidi ya shughuli zinazoweza kuuharibu. Bustani nyingi ziko ndani ya mita hizo. Kupanda vetiva hakuhalalishi nyumba wala kiwanda, na mtu asiwadanganye hivyo. Lakini kikundi kinachokwenda chenyewe kwenye Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, yenye dhamana ya mito hii, kikasema "tuko hapa, tumepanda hiki, tuelekezeni" kinasikilizwa tofauti na kikundi kinachokutwa kimelima mpaka majini. Bonde la chini la Msimbazi ni habari nyingine kabisa. Mradi uliopitishwa na Benki ya Dunia mwaka 2022 unabadilisha eneo lote la Jangwani, pamoja na daraja jipya. Huko msipande cha kudumu bila kuuliza.

Maji yenyewe

Ukanda unasafisha vipi? Maji ya mvua yakitoka kwenye matuta yanabeba tope, na mbolea ya fosforasi husafiri ikiwa imeng'ang'ania lile tope. Yakikutana na majani yaliyofungana yanapunguza mwendo, tope linatua. Kwa kazi hii ukanda wa majani wa mita 5 hadi 10 unanasa sehemu kubwa, na majani mafupi yaliyosongamana ni bora kuliko miti yenye ardhi tupu chini yake. Naitrojeni ya urea na ya mbolea ya kuku ni ngumu zaidi, kwa sababu imeyeyuka na inapita chini kwa chini. Inahitaji mizizi mirefu na udongo uliolowa wenye bakteria wa kuigeuza kuwa hewa, na ukanda mpana zaidi, wenye miti, hata kufikia mita 30. Kwenye mabonde yetu hakuna atakayetoa mita 30. Basi punguzeni kwenye chanzo: rundo la mbolea ya kuku lisikae ukingoni, lisogezwe nyuma na kufunikwa turubai, urea itiwe kidogo mara nyingi, na bomba la kupulizia dawa lisioshewe mtoni.

Niseme wazi pia kile ambacho ukanda hauwezi. Hauzuii maji ya kiwanda yanayoingia kwa bomba. Hauzuii watu wanaotapisha vyoo mvua ikinyesha. Mkulima akipanda ukingo wake kwa bidii halafu aambiwe mto bado mchafu kwa sababu yake, anaonewa, na wanaompelekea miradi wana wajibu wa kusema hivyo mbele ya kiwanda na mbele ya halmashauri.

Amri, makubaliano au malipo

Namna ya kufanya kazi na wakulima nayo ina machaguo. Amri ni ya haraka: bikoni, tangazo, siku za kuondoka. Ukingo unasafishwa, halafu kwa kuwa hakuna anayeulinda, unageuka dampo. Makubaliano ya kikundi ni ya polepole, yanataka vikao, lakini mlinzi yupo saa kumi na moja alfajiri kila siku, naye ni mkulima.

Malipo yamejaribiwa hapa kwetu. Maji mengi ya Dar yanatoka Ruvu, kwenye mitambo ya Ruvu Juu ya 1959 na Ruvu Chini ya 1976, na tope la Ruvu linaanzia mashambani milimani Uluguru. Kuanzia 2006, mashirika ya CARE na WWF yaliwaunganisha wakulima wa Kibungo Juu na watumiaji wa maji huku chini, DAWASCO, shirika la maji la jiji wakati ule, na kampuni ya Coca-Cola Kwanza wakiwemo. Wakulima walichimba matuta ya kuzuia mmomonyoko, walipanda miti na majani, wakalipwa. Jiji la New York lilifanya jambo la aina hiyo kwa fedha nyingi zaidi: kwa makubaliano ya 1997 linalipia mazizi, uzio na upandaji wa kingo kwenye mashamba ya milima ya Catskill, na wakulima wanajiunga kwa hiari, kwa sababu kulinda vijito ni nafuu kuliko kujenga mtambo mkubwa wa kuchuja. Tofauti ninayoiona ni ya muda. Wenzetu wa New York wana mikataba ya kukodi ukingo kwa miaka 10 hadi 15. Mradi wa miaka minne unaisha mkuyu bado mchanga. Kwa hiyo mfadhili akija kwenu, muulizeni kwanza kama atakuwepo mwaka wa tano. Kama hatakuwepo, chagueni mmea unaojilipa wenyewe.

Ningechagua hivi

Bustani ya kukodi, mteremko wa wastani, mto usiopita viwandani: mstari mmoja wa vetiva uliofungana kwenye mdomo wa ukingo, mistari miwili ya mabingobingo nyuma yake, ngazi moja ya viroba. Vetiva inashika, mabingobingo yanalipa.

Mto unaopita chini ya viwanda: vetiva mistari mitatu, mabingobingo yasiwepo, matete yote yabaki.

Eneo lenye hati au la taasisi, shule, kanisa, msikiti: hapo ndipo miti. Mikuyu na mikangazi kila mita tano au sita, vetiva chini yake kwa miaka ya mwanzo mpaka kivuli kiiue yenyewe. Mianzi juu kabisa kama mnataka fito.

Ardhi iliyolowa mwaka mzima: msipande kitu. Acheni kufyeka, wekeni mpaka wa matuta mita tano kutoka kwenye matete, mkate matete kwa zamu kwa ajili ya uzio.

Ukingo wima unaochimbwa mchanga: fedha zenu zikae. Hakuna mzizi unaoshinda koleo linalochimba chini yake, na mashina ya vetiva yaliyopandwa juu ya shimo yataanguka na shimo. Anzeni kwa mwenyekiti wa mtaa na ofisi ya Bodi ya Bonde mpaka magari ya mchanga yaache kuingia, ndipo mkatafute miche. Kwa wengine wote, tafuteni mashina na pingili mwezi Februari, mvilaze kivulini ndani ya magunia yaliyolowa, mvipande mvua mbili za kwanza zikishapenya ardhini, na mtenge mashina mia ya kujazia mapengo mwezi Mei.